Takwimu zinatoka kwetu, nafasi za utafiti ziko kwa nani?

SWALI ambalo wazazi wa hapa Gisenyi wameanza kuulizana, hasa akina mama wanaovuka mpaka asubuhi na bidhaa na kurudi jioni na faida kidogo, ni hili: mtoto aliyesomeshwa mpaka akapata shahada ya uzamivu katika sayansi ya data, kwa nini bado anasema anatafuta nafasi? Si amemaliza shule? Si anaitwa daktari? Mbona kila usiku yuko kwenye kompyuta akituma maombi Ujerumani, Sweden na Afrika Kusini, na akijibiwa anaambiwa mkataba ni wa miaka miwili tu?

Mzazi aliyelipa ada kwa faida ya maharage, vitunguu na caguwa ana haki ya kuuliza hivyo. Nitajaribu kumjibu, na nitawaeleza vijana namna nafasi hizo zinavyopatikana. Lakini nina hoja nyingine ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu: sehemu ya nafasi hizo ilipaswa kuwa hapa, kwa sababu takwimu zinazowalisha watafiti wa mbali zinatoka kwetu.

Tuanze na maana. Nafasi ya utafiti baada ya uzamivu, ambayo wasomi wanaiita postdoc, ni kazi. Ina mkataba, kwa kawaida wa mwaka mmoja hadi mitatu, na ina mshahara. Anayeishika si mwanafunzi tena, wala bado si profesa. Ni kama fundi aliyekwisha kuhitimu ambaye anafanya kazi katika karakana ya fundi mkuu ili ajenge jina kabla ya kufungua ya kwake. Huko ndiko anakoandika makala za kisayansi kwa jina lake, anakojifunza kuomba ruzuku na kuongoza wengine. Katika fani zinazotegemea takwimu nyingi, mtu anayeiruka ngazi hiyo hupata shida kubwa kuwa kiongozi wa utafiti.

Na hizo takwimu nyingi ni nini? Msomaji anayepita Grande Barrière anazitengeneza yeye mwenyewe kila anapovuka. Kitambulisho chake kinasomwa na mashine. Gari linaandikwa namba. Mzigo unatozwa ushuru. Simu iliyo mfukoni inauacha mnara wa Rwanda na kushika mnara wa Kongo. Wakati wa ugonjwa anapimwa joto. Huko Petite Barrière, ambako kabla ya korona walikuwa wakipita watu makumi ya maelfu kwa siku, Taasisi ya Takwimu ya Rwanda, NISR, imekuwa ikiihesabu hata ile biashara ndogo isiyopita kwenye karatasi za forodha. Alama zote hizo zikikusanywa na kuchambuliwa vizuri, zinaweza kueleza bei itapanda lini, ugonjwa utaelekea wapi na nani anaumia mpaka ukifungwa saa tisa.

Sasa tuangalie nani amekuwa akizichambua. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti uliosifiwa sana duniani. Joshua Blumenstock na wenzake wawili walichukua rekodi za simu za watu wapatao milioni 1.5 wa Rwanda, wakawapigia simu watu 856 kati yao kuwauliza hali zao za maisha, kisha wakaonyesha kwamba matumizi ya simu yanaweza kukadiria nani ana uwezo na nani hana, hadi kuchora ramani ya umaskini wa nchi. Mtafiti huyo huyo, na wengine, walichunguza jinsi Wanyarwanda walivyotumiana salio la simu baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 3 Februari 2008 lililozikumba pande za Bukavu na Rusizi. Ni kazi nzuri, nami siibezi. Lakini simu zilikuwa zetu, salio letu, tetemeko letu, na meza ya uchambuzi ilikuwa Marekani. Aliyepanda cheo kwa kazi ile hakuwa kijana wa Nyamasheke wala wa Rubavu.

Linganisha na Kenya. Mwaka 2012 jarida hilo hilo lilichapisha utafiti uliotumia rekodi za simu za watu karibu milioni 15 kuonyesha jinsi safari za watu zinavyosambaza malaria, ikiwamo kutoka ukanda wa Ziwa Victoria kwenda Nairobi. Huko nako Wamarekani waliongoza. Hata hivyo mezani alikuwapo Mkenya Abdisalan Noor, mtafiti wa programu ya KEMRI na Wellcome, ambaye baadaye alikwenda kuongoza kitengo cha ufuatiliaji wa malaria katika Shirika la Afya Duniani. Tofauti ni moja. Kenya ilikuwa na nyumba ya watafiti. Kituo cha Kilifi kilianzishwa mwaka 1989, na kwa miaka mingi kimekuwa mahali ambapo mtu mwenye uzamivu anaweza kubaki akiendelea kufanya sayansi, karibu na wagonjwa na karibu na takwimu.

Je, sisi wa mpakani tunakihitaji kitu cha namna hiyo? Historia ya mahali hapa inajibu. Julai 1994 umati wa watu ulipita hapa kwenda Goma kwa siku chache, na wataalamu wa afya waliokuwapo walikadiria wakimbizi kuwa kati ya 500,000 na 800,000. Angalia pengo hilo. Watu 300,000 wako au hawako, na huku maji, dawa na mahema vinagawanywa kwa hesabu hiyo. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Wengi wanaosoma ukurasa huu walikuwa ndani ya hesabu ile, na wengi walirudi kwa njia hiyo hiyo Novemba 1996.

Ikaja Ebola. Mgonjwa wa kwanza aligunduliwa Goma tarehe 14 Julai 2019. Tarehe 1 Agosti mpaka ulifungwa kwa saa kadhaa, na biashara ikasimama. Mlipuko ule wa Kongo, kati ya 2018 na 2020, ulikuwa na wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Rwanda haikupata mgonjwa hata mmoja, na sifa ziwaendee waliosimama mpakani na vipimajoto. Lakini uamuzi wa kufunga au kutofunga mpaka una gharama kwa mama anayekula kile alichouza leo. Mtafiti anayejua wangapi wanapita, kutoka wapi, saa ngapi na kwa sababu gani, angeweza kuwaambia wakuu njia ya tatu: ni njia ipi ichunguzwe zaidi na ni ipi iachwe wazi.

Mfano wa volkeno unauma zaidi. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021 bila watu kupewa onyo, na wakazi wa Goma wakakimbilia kwetu usiku ule ule, wakati ardhi ya Gisenyi nayo ikitetemeka na kupasua nyumba. Ilielezwa wakati ule kwamba ufadhili wa Benki ya Dunia kwa kituo cha kuchunguza volkeno cha Goma ulikuwa umekwisha mwaka 2020, na kwamba kituo kilikaa miezi kadhaa bila fedha za intaneti ya kupokea takwimu kutoka mitambo iliyo mlimani. Sidai kwamba intaneti ingezuia mlima kulipuka, wala kwamba onyo lingepatikana kwa hakika. Ninachosema ni kwamba tuliishi chini ya mlima ule huku daftari lake limefungwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbe na roho za watu ni hivyo hivyo.

Rwanda haijalala. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Rwanda kilipata kituo cha umahiri cha sayansi ya data, chini ya mpango wa Benki ya Dunia. Mwaka huo huo taasisi ya hisabati ya AIMS ilifungua mlango Kigali, ambako mwaka 2018 ilianza kufundishwa pia shahada ya uzamili ya akili za mashine. Carnegie Mellon ilikuwa imeshatangulia. Mei 2023 Kigali ilipokea mkutano mkubwa wa kimataifa wa fani hiyo, ICLR, ambao haukuwahi kufanyika Afrika, na Agosti 2025 ikapokea Deep Learning Indaba, mkutano wa Waafrika wenyewe. Tumejenga ngazi nzuri. Lakini ngazi hiyo ina vipandio vingi vya uzamili, vichache vya uzamivu, na ukifika juu unakuta nafasi za baada ya uzamivu ni za kuhesabika kwa vidole. Anayefika hapo anachagua moja kati ya mawili: kufundisha madarasa makubwa bila muda wa utafiti, au kupanda ndege.

Kwa sasa basi, kijana atafanyaje? Yapo mambo ambayo nimeyaona yakiwasaidia waliofanikiwa, na nayaeleza hapa kwa sababu mengi hayafundishwi darasani.

Kwanza, ajue milango ni miwili. Wa kwanza ni nafasi iliyotangazwa: profesa amepata ruzuku ya mradi, anatafuta mtu, na tangazo linawekwa katika ukurasa wa chuo au katika tovuti kama EURAXESS ya Umoja wa Ulaya. Hapo unaomba kazi yake, kwa masharti yake. Wa pili ni ufadhili unaouomba mwenyewe ukiwa na wazo lako, na chuo kinakubali kukupokea. Mkubwa wa aina hiyo ni ule wa Ulaya uitwao Marie Skłodowska-Curie. Uko wazi kwa raia wa nchi yoyote mwenye uzamivu ambaye hajapita miaka minane ya utafiti tangu aupate, na asiwe ameishi katika nchi anayokwenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Waliowahi kuwa wakimbizi walizingatie hili: muda uliotumika katika kuomba hadhi ya ukimbizi hauhesabiwi. Maombi hayo kwa kawaida hufungwa Septemba, kwa hiyo anayeanza kumtafuta profesa Agosti amechelewa.

Pili, barua. Profesa hupokea barua pepe nyingi zinazosema "naomba nafasi yoyote". Hizo hazijibiwi. Inayojibiwa ni fupi: inataja kazi yake moja uliyoisoma, inaeleza takwimu ulizozichambua na ulichokigundua, na inasema ni swali gani mnaweza kulitafuta pamoja. Kijana wa mpakani ana mtaji hapo ambao wa Berlin hana. Anaelewa kwa nini nyanya zinavuka upande mmoja na nguo za mtumba upande mwingine. Anajua kwamba jibu analopewa karani wa takwimu asubuhi silo atakalopewa jioni. Anakijua Kiswahili cha Goma na Kinyarwanda. Hayo ayaandike bila aibu.

Tatu, aonyeshe kazi. Katika fani hii cheti hakitoshi. Wanaotafuta mtu wanataka kuona programu ulizoandika, zimewekwa mahali ambapo mwingine anaweza kuzijaribu, na walau makala moja iliyochapishwa. Wanataka pia majina ya watu wawili au watatu watakaoandika kwa ukweli juu ya utendaji wako. Mlezi wa uzamivu asiyejibu barua pepe anaweza kukukosesha nafasi, basi mkumbushe mapema, kwa adabu.

Nne, vyeti. Ndugu zetu waliosoma Kongo chini ya mfumo wa zamani wana graduat ya miaka mitatu na licence ya miaka miwili juu yake. Huko ng'ambo anayesoma neno licence anaweza kudhani ni ile ya Ufaransa ya miaka mitatu, akakuona umepungukiwa. Ambatanisha maelezo ya miaka uliyosoma na orodha ya masomo, na kwa anayerudi Rwanda, nenda Baraza la Elimu ya Juu, HEC, upate ulinganisho wa vyeti kabla hujauhitaji.

Tano, na hili wafanyabiashara watalielewa haraka kuliko wasomi: chuo cha kweli hakidai ada ya "kushughulikia" nafasi ya kazi. Makomisyoneri wameshaingia hata huku. Ukiambiwa utume dola 300 kwa njia ya simu ili mkataba utiwe saini, hapo hakuna mkataba wala chuo.

Baada ya ushauri huo narudi kwenye hoja yangu. Wapo watakaosema: waacheni waende, dunia ni kijiji. Nakubali waende. Mpaka huu umetufundisha kwamba anayekwenda anaweza kurudi, tena akiwa na mzigo. Tatizo ni kwamba mwenye mzigo wa maarifa akirudi Grande Barrière hakuna ghala la kuushusha. Na kutegemea fedha za wageni peke yake ni hatari. Mwaka 2025 taasisi ya utafiti wa afya ya Marekani, NIH, ilisitisha utaratibu wa kupitisha ruzuku kwa washirika wa nje kupitia vyuo vya kwao, na watafiti wa Afrika wakabaki wakijiuliza mishahara itatoka wapi. Kituo cha Goma kilikuwa kimeshatuonyesha jambo hilo hilo.

Wengine watauliza kwa nini serikali imlipe mtu mwenye shahada tatu wakati soko halina paa la kutosha. Nami nauliza: paa liwekwe wapi, la watu wangapi, na mpaka ukifungwa wiki moja ni kaya ngapi zitalala njaa? Asiyejua hayo atajenga paa mahali ambapo akina mama hawapiti. Mambo hayo tumeyaona.

Pendekezo langu ni dogo. Zianze nafasi chache tu, nne au tano, za miaka mitatu, zikiwekwa hapa Rubavu kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Rwanda, INES-Ruhengeri iliyo jirani pale Musanze na ambayo inafundisha takwimu, na NISR inayoshika takwimu zenyewe. Kila nafasi ipewe swali la hapa: biashara ndogo, magonjwa yanayovuka, gesi iliyo ndani ya Ziwa Kivu, volkeno, bei za vyakula. Hali ikiruhusu, vyuo vya Goma viingie. Tangu mji ule ulipotwaliwa na M23 Januari 2025 si rahisi kusema ushirikiano rasmi utakuwaje, lakini ugonjwa na moshi wa mlima haviombi laissez-passer. Wala wazo hili si geni. CEPGL, iliyozaliwa hapa hapa Gisenyi mwaka 1976, ilianzisha taasisi yake ya utafiti wa kilimo na mifugo, IRAZ, kule Gitega. Wazee wetu waliona kwamba nchi tatu zinazogawana wadudu wa migomba zinaweza kugawana watafiti pia.

Sharti langu ni moja, na linamhusu mfanyabiashara moja kwa moja. Rwanda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu Oktoba 2021. Mtafiti atakayepewa nafasi hizo aifuate, na kila mwaka aje sokoni aeleze kwa Kiswahili na Kinyarwanda alichokipata katika hesabu zetu. Mtafiti aliye Washington hawezi kuulizwa swali na muuza dagaa. Aliye Rubavu anaweza, kwa sababu kesho atakuja kununua dagaa kwake.

Kwa hiyo mama, mwanao akisema anatafuta postdoc, mwombee apate, maana ni kazi na ni ya heshima. Kisha muulize diwani na mbunge wako ni lini nafasi kama hiyo itatangazwa Rubavu. Wanaokuja kutuhesabu mpakani huwa tunawajibu kila wanachouliza. Sasa ni zamu yetu kuuliza.